Toleo Lina Siku Yake ya Mwisho

Tarehe 20 Aprili 2020 Mombasa ilikuwa imefungwa. Siku kumi na mbili kabla yake serikali ilikuwa imezuia watu kuingia na kutoka kaunti hii, pamoja na Kilifi na Kwale, kwa sababu ya korona. Daraja la Nyali, ambako asubuhi za kawaida magari hukaa mpaka makanga wakashuka wakapiga soga, lilipitika kama siku ya Idi. Siku hiyo hiyo, mbali sana na hapa, mtu aitwaye Benjamin Peterson alitoa toleo la mwisho la Python 2. Namba yake ilikuwa 2.7.18. Baada ya hilo hakuna jingine lililotoka, na halitatoka. Atakayegundua tundu ndani yake leo usiku atabaki nalo mwenyewe.

Msikilizaji, najua mada hii inaweza kukufanya unyooshe mkono ubadilishe stesheni. Nivumilie. Kama una akaunti kwenye sako, kama mtoto wako analipiwa karo kupitia simu, kama umewahi kuandikisha jina lako hospitalini na karani akaliingiza kwenye kompyuta, basi habari ya matoleo ya lugha za programu inakuhusu, hata kama hutaandika mstari mmoja wa programu maisha yako yote.

Tuanze na kitu chenyewe. Lugha ya programu ni kanuni za kuandika amri, na pamoja na kanuni hizo kuna programu nyingine inayozisoma amri na kuzitekeleza. Hiyo inayosoma na kutekeleza ndiyo inayotolewa matoleo. Python ilianzishwa na Mholanzi, Guido van Rossum, katika mapumziko ya Krismasi ya mwaka 1989, akaiweka hadharani Februari 1991. Jina lake, kwa wanaoogopa nyoka, lilitoka kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza. Ni lugha huria: unaichukua bure, unausoma msimbo wake wote, unaubadilisha ukitaka, na hulipi senti. Leo imo kwenye Instagram, imo kwenye maabara za sayansi, na karibu kila mtu anayetengeneza akili mnemba anapitia kwake.

Huku kwetu Nyali tuna sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Intaneti ya nchi hii inapanda kutoka baharini kwenye fuo zetu. Waya wa TEAMS ulifika Mombasa mwaka 2009. LION2, ulioanza kazi mwaka 2012, ulitua hapa hapa Nyali, na PEACE ukafika mwaka 2022. Kuna vijana hapa wanaoamka, wanakunywa chai na mahamri, halafu wanakaa sebuleni kufanyia kazi kampuni zilizoko Ulaya. Kijana wa Kisauni anayetaka Python anaishusha kwa dakika moja, maana faili lenyewe ni megabaiti thelathini hivi. Bei sufuri, ushuru sufuri, hakuna bandari wala kontena. Wengi wetu hadithi tunaikomesha hapo: tumepewa bure, tumeshukuru, tumeondoka. Mimi nasema hapo ndipo inapoanza, kwa sababu pamoja na lile faili umepokea tarehe ya mwisho, na wachache sana huiuliza.

Toleo halitoki tu mtu akijisikia. Tangu toleo la 3.9, lililotoka Oktoba 2020, Python imejiwekea mwaka wake wa kazi. Kila Oktoba linatoka toleo jipya kubwa. Kabla ya hapo kuna miezi ya alfa, ambapo mapya yanaingizwa na kila kitu kinatikisika. Mwezi wa Mei hivi inatoka beta ya kwanza, na mlango unafungwa. Aliyekuwa na wazo zuri asiliwahishe, atangoja mwaka mwingine. Kuanzia hapo kazi ni kurekebisha tu, beta baada ya beta, mpaka yafike yanayoitwa matoleo ya wagombea, yaani yale yanayokaribia kabisa lile la mwisho, ambayo hayaguswi isipokuwa kwa kosa zito.

Kila toleo lina msimamizi wake. Łukasz Langa alisimamia 3.8 na 3.9. Pablo Galindo Salgado akachukua 3.10 na 3.11, naye alikuwa na moyo wa kuirusha kazi ya kutoa toleo moja kwa moja kwenye video, watu wakitazama amri zikipita. Thomas Wouters alisimamia 3.12 na 3.13, kisha Hugo van Kemenade akapokea 3.14. Kazi ya msimamizi haina utukufu mwingi. Anakataa maombi ya watu wanaodai kwamba badiliko lao ni dogo mno. Anasubiri majaribio yaishe. Anaweka sahihi kwenye mafaili ili wewe wa Nyali uweze kuhakikisha kwamba ulichoshusha ndicho kilichotolewa. Halafu anabaki na toleo lile kwa miaka mitano. Kwanza zinakuja nyakati za kurekebisha kasoro za kila aina, na baada ya hapo zinatolewa dawa za usalama peke yake. Mwaka wa tano ukitimia, basi. Toleo la 3.8 lilitoka Oktoba 2019 likafikia mwisho Oktoba 2024. Toleo la 3.9 lilizaliwa Oktoba 2020, nalo zamu yake iliisha Oktoba 2025. Ukilisikia hili ukiwa na 3.10, hesabu mwenyewe: ni ya Oktoba 2021.

Namba hizi zina vituko vyake, na kimoja nitakisimulia kwa sababu kinaonyesha jinsi jambo dogo linavyoweza kuangusha kubwa. Kwa miaka, programu nyingi zilikuwa zinauliza, "Hii ni Python ngapi?" halafu zinasoma herufi tatu za mwanzo za jibu. 3.7, 3.8, 3.9, mambo shwari. Mara ikaja 3.10. Zilizosoma herufi tatu ziliona 3.1, toleo la mwaka 2009, zikakataa kufanya kazi kwa kudai mashine imezeeka. Na kwenye mafaili ya mipangilio ambako watu waliandika 3.10 bila alama za kunukuu, kompyuta iliisoma kama desimali, na sote tulifunzwa shuleni kwamba sufuri ya mwisho ya desimali haina thamani. Waliolitoa toleo hawakukosea kitu. Waliokosea ni maelfu ya watu walioamini kwamba baada ya tisa hakuna namba.

Sasa turudi kwenye ile Python 2 iliyozikwa wakati wa korona, maana kisa chake ni kirefu na kina mafunzo kuliko vyote. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na watunzaji walifanya jambo ambalo watunzaji wa lugha huliogopa: waliivunja makusudi. Programu iliyoandikwa kwa Python 2 haikuhakikishiwa kwamba itakwenda kwenye Python 3. Kwa nini wafanye hivyo? Sababu kubwa ilikuwa maandishi.

Katika Python 2 maandishi ya kawaida yalikuwa mfululizo wa baiti tu, na ilipobidi kukisia maana ya baiti hizo, lugha ilikisia kwamba ni alama 128 zinazotosha Kiingereza. Ukileta isiyokuwamo, programu inaanguka. Warusi waliumia, Waarabu waliumia, Wajapani waliumia sana. Sisi Waswahili je? Hapa pana jambo ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha. Kiswahili cha herufi za Kilatini kinaandikwa kwa herufi zile zile za Kiingereza. Hatuna nukta juu wala mkia chini. Developa wa Mombasa au Dar es Salaam aliweza kuandika mfumo mzima wa wateja, ukaenda mwaka, ukaenda miwili, asione kasoro yoyote, akajua yuko salama.

Mpaka aje mteja aitwaye Ng’ang’a.

Ukiliandika jina hilo kwenye kompyuta ya kawaida kwa kibodi, alama ile ya juu ni ya wima, na imo kwenye zile 128. Lakini liandike kwenye programu ya barua za ofisini, au kwenye simu fulani, nayo inakupindia alama ikawa ya mviringo, ya kupendeza, na ile haimo. Karani anakili jina kutoka kwenye barua, analibandika kwenye mfumo, mfumo unaanguka na kutapika mistari ya makosa kwa Kiingereza. Karani anasema mtandao umekufa. Fundi anafika, anaandika jina upya kwa mkono wake ili ajaribu, linapita vizuri, anasema haoni tatizo, anaondoka na nauli yake. Siku ya pili anakuja Ong’ondo. Na hapo sijagusa watu wanaotaka kuhifadhi kwenye kompyuta tenzi zetu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwao Python 2 ilikuwa vita ya kila mstari. Python 3 ilifanya maandishi yote yawe ya Unicode, kiwango kinachobeba herufi za lugha za dunia, ikatenganisha maandishi na baiti, na ikakataa kukisia. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kuhalalisha maumivu yote.

Na maumivu yalikuwepo. Mengine yalikuwa ya wazi: amri ya kuchapisha ilibadilika umbo, programu ikakataa kuanza, ukaona ukarekebisha. Mabaya zaidi ni yale ya kimya. Gawanya shilingi 7 kwa watu 2. Python 2 ilikwambia 3. Python 3 inakwambia 3.5. Zote mbili zinatoa jibu bila kulalamika. Sasa fikiria mfumo wa chama cha akina mama, uliohamishwa kutoka toleo moja hadi jingine na mtu aliyeridhika kwamba "imewaka", na hakuna aliyekaa kulinganisha hesabu za mwezi huu na za mwezi uliopita.

Kwa hiyo watu hawakuhama. Watunzaji walitoa 2.7 mwaka 2010 kama daraja la mwisho, wakasema utunzaji wake utakwisha 2015. Mwaka 2014 wakaona dunia bado iko ng'ambo ya pili, wakasogeza mpaka 2020. Kilichowakwamisha watu si uvivu mtupu. Programu yako inategemea maktaba ya mtu mwingine, ambayo inategemea ya mtu wa tatu, na wa tatu yuko chuoni anafanya mitihani. Mpaka wote wahame, wewe huhami. Tangu Desemba 2008 hadi Aprili 2020 ni zaidi ya miaka kumi na moja ya kutunza nyumba mbili, na waliokuwa jikoni wanasema wazi kwamba hawataki kulirudia jambo lile.

Nalilinganisha, bila kutaka, na jambo lililofanyika mjini humu. Juni 1928 maofisa wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja walikutana Mombasa kuamua Kiswahili kipi kiwe sanifu, na wakiwa wamekaa katika mji wa Kimvita, wakachagua Kiunguja. Miaka themanini na kitu kabla yake Ludwig Krapf alikuwa amefika hapa na kuanza kukusanya maneno ya Kimvita. Mnara wa kumbukumbu yake uko hapa Nyali. Kamusi yake ilichapwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Yote hayo yakawekwa kando kwa uamuzi wa mkutano. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha, vitabu vya shule vikafuata. Lakini tazama kilichotokea baadaye: hakuna mzee wa Mji wa Kale aliyeamka asubuhi akasema "ndia" badala ya "njia" mkewe asimwelewe. Kimvita kimeendelea kutungiwa mashairi mpaka leo, bila mtunzaji, bila kiraka cha usalama. Lugha ya binadamu ikiachwa na wakubwa, wasemaji wanaibeba. Lugha ya mashine ikiachwa na watunzaji inaendelea kusema vizuri tu, sauti ile ile, na hapo ndipo hatari yake: haikohoi, haikondi. Mfumo wa Python 2 uliowekwa ofisini mwaka 2012 utawaka kesho asubuhi kama kawaida. Ila kila tundu linalogunduliwa linaandikwa hadharani, na wasomaji wa maandishi hayo si watu wema peke yao.

Hebu nigeuze upande sasa, nitazame wanaotunza. Tunapenda kudhani kwamba nyuma ya vitu vikubwa kuna jumba kubwa. PHP, lugha iliyomo ndani ya WordPress na kwa hiyo ndani ya tovuti nyingi za hoteli na shule za Pwani hii, ilibainika mwaka 2021 kwamba imelala juu ya mabega machache mno. Novemba mwaka huo ilitangazwa kwamba Nikita Popov, mmoja wa waliokuwa wakiibeba zaidi, anahamia kazi nyingine. Hakufa, hakugombana na mtu, alibadilisha kazi tu. Mtikisiko wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba siku hizo hizo ilitangazwa taasisi ya kuchangisha pesa za kuwalipa watu wa kuitunza. Na Python yenyewe, pamoja na umaarufu wake wote, taasisi yake ilimwajiri mtu wa kwanza wa kuishughulikia muda wote mwaka 2021. Alikuwa yule yule Łukasz Langa. Miaka thelathini kamili tangu lugha itoke!

Mwaka 2024 tuliona upande mbaya zaidi. Hapa nazungumzia xz, ambayo si lugha bali ni programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo ndani ya kompyuta nyingi za Linux. Ilitunzwa na Mfini mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mtu aliyejiita Jia Tan akaja kumsaidia. Alisaidia kwa zaidi ya miaka miwili, kwa adabu, akaaminiwa, akapewa ruhusa ya kutoa matoleo. Halafu katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akaficha mlango wa nyuma wa kuingilia kwenye seva za watu. Aliyeugundua, Andres Freund, alikuwa anapima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL, akaona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungesema ni Wi-Fi. Yeye alikaa akachimba, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Nikisikia mtu anasema msimbo huria ni salama kwa sababu kila mtu anauona, nakumbuka kwamba aliyeuona alikuwa mmoja, na alianzia kwenye nusu sekunde.

Afrika Mashariki hatuko nje ya habari hizi tukitazama kwa dirisha. Programu ya Ushahidi iliandikwa Januari 2008, katika siku mbaya za baada ya uchaguzi wetu, ili watu waripoti ghasia na zionekane kwenye ramani. Akina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliianzisha kwa haraka ya dharura, na baadaye ikatumiwa Haiti baada ya tetemeko la 2010 na kwingine kwingi. Kitu kilichoandikwa kwa siku chache kikabidi kiishi miaka, kiandikwe upya, kipewe matoleo. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioandikwa kwa Java, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 na umeenea nchi nyingi. Watunzaji wake wanalazimika kufuata mwendo wa Java, ambayo siku hizi inatoa toleo jipya kila miezi sita, na machache tu kati ya hayo ndiyo yanayotunzwa kwa muda mrefu. Java 8 ilitoka Machi 2014, na ukizunguka utaikuta bado inafanya kazi mahali pengi, kwa sababu iliyo wazi: zahanati haisimamishi wagonjwa ili ibadilishe toleo.

Na kuna Jambo OpenOffice. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux: menyu za Kiswahili, kila kitu. Ilikuwa fahari ya haki. Lakini programu ya msingi haikusimama kutusubiri. OpenOffice ilifika toleo la tatu mwaka 2008, na mwaka 2010 sehemu kubwa ya watunzaji wake ikajitenga na kuanzisha LibreOffice. Kila toleo jipya lina menyu mpya na sentensi mpya, na kila sentensi inadai mtu wa kuitafsiri tena. Siku ya uzinduzi ilikuwa na wageni waalikwa. Siku za kutafsiri sentensi mia mbili zilizoongezeka hazina wageni, hazina kitambaa cha kukatwa.

Hapo ndipo penye lawama yangu, na naielekeza kwetu sote tunaoagiza mifumo: ofisi za umma, shule, sako, hoteli, misikiti na makanisa. Mkataba wa kawaida wa kutengenezewa mfumo una bei ya kujenga, una tarehe ya kukabidhi, una hata chakula cha mafunzo. Hauna mstari unaosema mfumo umeandikwa kwa lugha gani, toleo gani, na toleo hilo linaishiwa lini. Hauna pesa ya kuhamia toleo litakalofuata. Kwa hiyo fundi anakabidhi mfumo akitumia toleo lililobakiwa na mwaka mmoja, kwa sababu ndilo alilolizoea, na hajakudanganya popote, maana hukumwuliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayomtaka anayehifadhi habari za watu achukue hatua zifaazo za kiufundi kuzilinda. Mimi si wakili. Lakini ningependa kumsikia wakili akieleza namna gani namba za vitambulisho vya watu elfu kadhaa, zikikaa juu ya lugha isiyopokea tena dawa za usalama, zimelindwa kwa hatua zifaazo.

Mtanijibu kwamba kuhama kuna gharama, na ni kweli. Kuna watakaosema tuache tununue mifumo ya kampuni kubwa. Nayo ina matoleo, nayo yanakufa, ila huko tarehe ya kufa huwekewa bei na mwenye mali, nawe huna msimbo wa kujaribu kujiokoa. Kwa lugha huria walau kalenda iko wazi miaka mitano mbele. Mtu wa fedha anayejua mwaka na mwezi wa gharama hana kisingizio cha kutoipangia. Na kuhama kidogo kidogo kila mwaka, kutoka 3.12 hadi 3.13, mara nyingi ni kazi ya siku chache kwa mfumo wa wastani. Kinachoua ni kurundika matoleo sita, fundi wa kwanza ameshahamia Doha, na hakuna aliyebaki anayejua nenosiri la seva.

Upande wa vijana, nina ombi moja linalowezekana kuanzia mwaka huu. Tumeanza kukutana: mkutano wa Afrika wa Django, zana ya Python ya kujengea tovuti, ulifanyika Zanzibar Novemba 2023, na wa 2025 ukawa Arusha. Vizuri, picha zimepigwa. Ila ile miezi kati ya Mei na Oktoba, beta ikiwa nje, watunzaji wanaomba watu wajaribu programu zao halisi kwenye mashine zao halisi. Wao wana kompyuta mpya na intaneti isiyokatika. Sisi tuna laptopu za mtumba zenye Windows ya kubahatisha, tuna simu, tuna majina yenye alama ya juu, tuna tarehe na pesa zinazoandikwa kwa namna yetu. Makosa yanayotuuma sisi hayataonekana na mtu wa Amsterdam mpaka sisi tuyaseme.

Namna ya kuyasema si siri ya wachawi. Chukua mfumo ulionao, uweke pembeni mahali ambapo hauwezi kuharibu data ya mtu, uendeshe juu ya beta. Ukianguka, punguza msimbo mpaka ubaki na mistari michache inayoanguka vile vile, kisha andika ulichofanya, ulichotarajia na ulichokiona. Kiingereza cha shule ya msingi kinatosha, wengi wa wasomaji wake hawakuzaliwa na Kiingereza. Watakujibu. Wakati mwingine watakujibu siku hiyo hiyo kwamba wameliona na watalirekebisha kabla ya Oktoba. Wakati mwingine watakuonyesha, kwa upole, kwamba kosa liko kwenye mstari wako wa nne.